Uhalifu wa Maofisini: Maana Yake na Unavyoumiza Biashara

Uhalifu wa maofisini, ambao wengine huuita uhalifu wa kola nyeupe, ni udanganyifu unaofanywa na mtu aliyekabidhiwa dhamana, akaigeuza dhamana hiyohiyo kuwa njia ya kujipatia fedha. Havunji mlango. Anatumia saini, mhuri na ankara. Aliyeipa dhana hii jina ni Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1939, alipopinga imani kwamba uhalifu ni kazi ya maskini.

Humo mna ubadhirifu, kughushi nyaraka, rushwa, ukwepaji kodi na utakatishaji fedha, yaani kuzifanya fedha haramu zionekane halali. Watu wa Dar es Salaam wakiulizwa mfano, wengi watataja EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Mwaka wa fedha 2005/06 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22, na ukaguzi ukakuta nyaraka za kughushi.

Lakini tusiangalie vigogo tu. Chukulia duka la jumla Kariakoo. Mfanyakazi anayenunulia duka mizigo anamwambia msambazaji, “Mzigo ni wa milioni moja, wewe andika milioni moja na laki mbili.” Hicho cha juu wanagawana. Tajiri, yaani mwenye duka, haoni wizi. Anaona biashara ngumu. Anapandisha bei, wateja wanahamia duka la jirani. Anapunguza vijana wa kazi, pengine walio waaminifu, kisha anakopa benki kuziba pengo asilojua limetoka wapi. Msambazaji asiyetaka kutoa chochote naye anakosa oda, anaacha kuleta bei zake. Kwangu mimi, hapo ndipo pabaya kuliko zile laki mbili.

Akishagundua, tajiri anamweka mpwa wake kwenye kaunta na wazo la kufungua tawi Mbagala linakufa. (Kana kwamba wapwa hawaibi.)

Wapo wanaodhani TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa Tanzania, ni ya watumishi wa serikali peke yao. Sivyo: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inagusa pia sekta binafsi.

Kinga yenyewe haihitaji mitambo. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea, wala asiwe ndiye anayelipa. Na mhasibu aende likizo kweli, mwingine akae na vitabu vyake, maana hesabu za uongo zinahitaji mwenyewe awepo kila siku kuzifukia.