Tume ya Kurekebisha Sheria: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Nje ya mahakama moja ya mwanzo hapa Dar es Salaam, chini ya mwarobaini ambapo watu husubiri mashauri yao yaitwe, mama mmoja mjane alinionyesha karatasi ya fotokopi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepigia mstari kwa kalamu ya bluu kanuni ya mirathi ya kimila isemayo kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake. "Mwanangu," aliniambia, "hii wameiandika wale wa Tume ya Kurekebisha Sheria, basi waifute wao."

Dhana hiyo nimeisikia mara nyingi, nayo si sahihi. Kanuni ile ilitangazwa mwaka 1963, ilhali Tume iliundwa kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 1980 na kuanza kazi mwaka 1983. Isitoshe, Tume haitungi sheria wala haifuti. Kwa mujibu wa ibara ya 64 ya Katiba, mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo ya Muungano na ya Tanzania Bara ni ya Bunge. Tume huzipitia sheria zilizopo, hufanya utafiti, husikiliza watu, kisha hupeleka serikalini ripoti yenye mapendekezo. Serikali ikiyakubali, huandaliwa muswada, ukachapishwa katika Gazeti la Serikali, ukajadiliwa bungeni, na hatimaye ukahitaji kibali cha Rais.

Hapo ndipo huzuka dhana ya pili, kwamba chombo kisicho na amri hakina faida, na kwamba sheria mbaya dawa yake ni mahakama. Mfano wa mirathi unaonyesha kwa nini sikubaliani nayo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo za kimila zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Hakimu au jaji huamua shauri lililoletwa mbele yake, kwa hoja za pande zilizofika. Hana nafasi ya kuzunguka mikoani kuuliza mila inasema nini leo, wazee wanaonaje, wajane wanaishije, na kifungu gani kiwekwe mahali pa kile kitakachoondolewa ili asije akaumia mwingine. Kazi hiyo ya subira inahitaji chombo kinachoweza kukaa na swali moja kwa miezi au miaka, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya Tume kuwapo.

Wapo pia wanaochanganya kurekebisha sheria na urekebu. Urekebu hukusanya sheria pamoja na marekebisho yake yote na kuzichapa upya katika toleo moja, kama lile la mwaka 2023 lililoanza kutumika Julai 2025, bila kubadili maana ya sheria. Kurekebisha ni kuuliza kama sheria yenyewe bado inafaa.

Je, Tume ni huru ikiwa mwenyekiti wake huteuliwa na Rais na fedha zake hutoka serikalini? Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza nawaheshimu. Uhuru unaohitajika hapa ni wa kufikia hitimisho kwa kufuata ushahidi, hata pale hitimisho hilo lisipompendeza aliyeomba ushauri, na kipimo chake ni ripoti zenyewe. Kukataliwa kwa pendekezo hakufuti hoja zilizoandikwa. Tume ilitoa ripoti kuhusu Sheria ya Ndoa mwaka 1994; mwaka 2016 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu vya sheria hiyo vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 kuwa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019 na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, muda ambao ulipita bila marekebisho hayo kupitishwa.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba maoni ni ya wanasheria. Mwanasheria anajua kifungu kilivyoandikwa. Aliyetolewa ndani ya nyumba siku ya arobaini anajua kilivyotenda kazi, na mtafiti anawahitaji wote wawili. Maoni hayahitaji Kiingereza wala lugha ya kisheria: yanatosha maelezo ya kilichotokea, lini, na sheria gani ilitajwa.

Nilimweleza yule mama hayo yote kwa ufupi. Alinisikiliza, akaigeuza karatasi yake upande usio na maandishi, akanipa ile kalamu ya bluu. "Basi andika," alisema, "nianze tangu siku ya msiba au tangu siku ya kikao cha ukoo?"