"Mbona inatoa moto, fundi?" Maneno ya plagi niliyochoka kuyasikia

Wiki iliyopita mteja mmoja alinishushia Toyota IST kutoka Uyole, hapa hapa Mbeya. Kwenye kiti cha abiria alikuwa na plagi nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, zimeviringishwa kwenye gazeti, zinang'aa kama vijiko vya harusi. "Nimezipiga msasa mwenyewe, fundi, na zote zinatoa moto. Sasa sielewi kwa nini likianza kupandisha mlima wa Kawetere linamisi, linakatakata." Huyo ni wa tatu kwa mwezi huu. Sikumjibu vizuri, nakiri. Jioni nikaona heri niandike, atakayekuja wa nne nimpe simu asome huku mimi naendelea na kazi.

Sina ugomvi na mtu anayebadilisha plagi nyumbani. Kwa IST ni spana namba 10 ya boliti za koili (kifaa kinachoipa plagi umeme), soketi ya plagi yenye shingo ndefu, na nusu saa ya utulivu. Ugomvi wangu ni na imani wanazokuja nazo.

"Plagi haifi. Ipige msasa, ikitoa moto irudishe."

Hii ndiyo inayoninyima raha. Ilikuwa na maana yake enzi za kabureta: plagi ina ncha nene ya nikeli, kabureta inamwaga mafuta, masizi yanajaa, unasugua, unapima nafasi ya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia), safari inaendelea. Wazee wetu wa gereji walifundisha hivyo na hawakukosea. Plagi ndiyo iliyobadilika, somo likabaki lilelile.

Tuanze na huo "moto". Unaichomoa plagi, unaigusisha kwenye bodi, mtu anapiga stata, unaona cheche ya buluu, unafurahi. Lakini pale nje cheche inavuka hewa ya kawaida, na volti elfu chache tu zinatosha. Ndani ya silinda hewa na petroli vimebanwa karibu mara 10, na hewa iliyobanwa ni ngumu kuvukwa. Sasa zinatakiwa volti zaidi ya 10,000, na ukikanyaga mafuta mlimani hewa inayoingia huongezeka, kwa hiyo zinatakiwa nyingi zaidi. Ndiyo maana gari linatulia vizuri likiunguruma bila kukanyagwa mafuta pale nyumbani, halafu mlima unapoanza linakatakata. Jaribio lako limeipima plagi ikiwa imepumzika. Tena kuizungusha injini huku koili zinaning'inia hovyo na mvuke wa petroli unatoka kwenye matundu ni kutafuta koili ife au moto wa kweli uwake.

Sasa msasa. Cheche hupenda kuruka kutoka kwenye kona kali. Plagi ikichakaa, kona zinakuwa mviringo na nafasi inapanuka. Msasa haurudishi chuma kilicholika, unakiongeza kulika. Na kama plagi ni ya iridiamu, ile ncha ya katikati ina unene wa milimita 0.4 hadi 0.6, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti kwa mbali. Brashi ya waya ikipita hapo mara mbili, umeimaliza. Hiyo hiyo brashi inaacha michirizi ya chuma kwenye kauri nyeupe, na umeme unapata njia ya mkato: unateremka kwenye kauri badala ya kuruka. Umetengeneza kosa ambalo halikuwepo.

Nilimwonyesha yule bwana kwa tochi ya simu. Nafasi inayotakiwa kwenye injini yake ni milimita 1.1. Fila geji ya 1.4 ilipita kwenye plagi tatu bila kugusa popote, na ya nne ilikuwa haina ncha kabisa, imebaki kisiki. Alinyamaza. Kisha akauliza kama ningeweza kuigonga kidogo ili ile nafasi ipungue. Jamani.

Na ukitaka kujua hasara iko wapi, usitazame bei ya plagi. Nafasi ikipanuka koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi kila mzunguko, inachemka, inakufa. Petroli isiyoungua inatoka na moshi, inakwenda kuungulia kwenye masega (kile kisafisha moshi ndani ya eksozi), na masega yakiyeyuka yanaziba eksozi. Watu wamebadilisha koili mbili na pampu ya mafuta kwa kukwepa kununua plagi nne.

Mimi nafuata hivi: plagi za nikeli ni kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu zinaweza kufika 100,000 injini ikiwa nzima. Gari likitoka bandarini mileji yake siiamini, nachomoa zote siku ya kwanza. Na zile plagi zilizotumika zinazouzwa na injini za mtumba, mimi sifungi hata ukiniletea bure.

"Kaza mpaka mkono ugome."

Hapana! Silinda hedi, yaani kichwa cha injini plagi inapofungwa, ni aluminiamu; plagi ni chuma. Nani ataumia? Plagi mpya ya nyuzi (meno ya kukazia) za milimita 14, yenye washa, ile pete yake ya chuma, ukishaizungusha kwa vidole ikakaa, unaongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kitabu cha gari lake. Ukiua nyuzi za hedi, unakwenda kwa wachonga vyuma kutiwa bushi, na hapo hatuongelei tena kazi ya nusu saa. Usipake grisi wala oili kwenye nyuzi pia, kwa sababu inateleza na unakaza kupita kiasi bila kujua. Na ngoja injini ipoe. Anayechomoa plagi kwenye injini ya moto anaweza kutoka na nyuzi za hedi.

Hapa nina ushauri wangu ambao vijana wa gereji wananicheka nao. Kata kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shubiri na nusu, kichomeke kwenye kichwa cha plagi na uanze kuizungusha kwa huo mpira. Plagi ikiingia upande, mpira unateleza wenyewe na nyuzi zinabaki salama. Soketi haina huruma hiyo. Na kabla ya kuchomoa chochote, puliza vumbi kwenye matundu. Kiangazi hiki cha kwetu shimo la plagi lina udongo wa kupanda mchicha, na ukichomoa plagi kwanza, udongo wote unashuka kwenye pistoni. Pampu ya baiskeli inatosha. Ukikuta oili humo shimoni, hiyo ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inavuja, usiisingizie plagi.

"Nifungie iridiamu, gari lipate mbio."

Linapata uhai mrefu wa plagi. Mbio, hapana.

"Tangu nitoke Dar gari limelegea, ni plagi."

Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na injini isiyo na tabo (ile feni ya kusukumia hewa) inapungua nguvu kwa kiasi kama hicho hata ukiifungia plagi za dhahabu. Kama halimisi, halitetemeki na taa ya cheki injini haijawaka, shuka gia moja upande mlima wako kwa amani.

"Plagi yoyote inayoingia inafaa."

Ikiwa ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni. Namba ya joto nayo si ya kubahatisha: kwa plagi za NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi (inayopoa haraka), kwa Bosch ni kinyume chake. Soma kitabu cha gari, si mdomo wa muuza spea.

"Baridi ya Julai imeua plagi za Hilux yangu."

Mzee mmoja wa Mbalizi alikuja na malalamiko haya asubuhi saa moja, mikono kwenye makwapa, plagi nne mpya mfukoni. Hilux ya dizeli. Dizeli haiwashwi kwa cheche, mzee wangu, inajiwasha kwa joto la kubanwa. Iliyokufa pale ilikuwa hita plagi, ile inayopasha joto dizeli iwake wakati wa baridi, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Aliniuliza kama dukani watazipokea zile nne. Nikamwambia aende sasa hivi, kabla hajapoteza risiti.