Ujasiri wa kisiasa wa kupinga vita: maana yake na namna ya kuupima

Kwa ufupi, ujasiri wa kisiasa wa kupinga vita ni kitendo cha mtu mwenye madaraka au kura rasmi kukataa vita hadharani, mapema, na kwa namna inayoingia kwenye kumbukumbu, huku akijua kwamba kukataa huko kunaweza kumgharimu cheo, kiti, uhuru au maisha. Ukiondoa kipande kimoja cha maelezo hayo unabaki na jambo jingine. Mwananchi anayeandamana ana ujasiri, ila huo ni wa kiraia: hana kura bungeni wala wizara ya kupoteza. Mbunge anayewanong'oneza wenzake kwamba vita hivi ni kosa, kisha akapiga kura ya ndiyo, ana mashaka tu. Na waziri mstaafu anayekiri miaka kumi baadaye ana majuto.

Kipande kinachosahaulika zaidi ni hicho cha "mapema". Tunaposema vita fulani havikupendwa, mara nyingi tunasema vilivyokuja kuonekana mwishoni. Vilipoanza vilipendwa sana, au angalau vilikubalika. Mwanzoni mwa Septemba 2001 kura za maoni za Gallup zilionyesha Wamarekani 51 kwa 100 wakiridhika na kazi ya Rais George W. Bush, kabla ya mwezi kwisha, baada ya Marekani kushambuliwa tarehe 11, walikuwa 90. Vita vya Vietnam vilianza hivyo hivyo. Agosti 1965 ni asilimia 24 tu ya waliohojiwa na Gallup waliosema kupeleka majeshi ilikuwa kosa. Agosti 1968 walikuwa asilimia 53. Mwanasiasa aliyepinga Vietnam mwishoni mwa 1968 alikuwa upande wa walio wengi. Huenda alikuwa sahihi kabisa, lakini neno "ujasiri" hapo linahitaji kuangaliwa mara mbili, kwa sababu bendera nayo hufuata upepo.

Rudi nyuma hadi tarehe 7 Agosti 1964. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha Azimio la Ghuba ya Tonkin, lililomruhusu rais kutumia jeshi Vietnam, kwa kura 416 kwa sifuri, baada ya mjadala usiofika hata saa moja. Seneti ikapitisha kwa 88 kwa 2. Hao wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Morse hakusema tu kwamba vita ni vibaya. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: Katiba imelipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na azimio hili linamkabidhi rais mamlaka hayo bila kikomo. Wote wawili walipoteza viti vyao mwaka 1968, Gruening kwenye kura za mchujo za chama chake na Morse kwenye uchaguzi wenyewe. Si haki kusema ni kura ile peke yake iliyowaangusha, maana miaka minne ya siasa ina mengi. Azimio lenyewe lilifutwa Januari 1971.

Kwa nini mwanzo ni mgumu hivyo? Kwanza, serikali ndiyo inayoshika taarifa za kijasusi, na mbunge anayepinga huulizwa anajua nini ambacho majenerali hawakijui. Pili, muda hubanwa makusudi. Muswada huletwa asubuhi ili upite jioni. Tatu, mnadhimu wa chama huhesabu vichwa na kukumbusha watu nani anagawa nafasi za kamati na tiketi za kugombea. Halafu kuna mtego wa nne, ambao kwangu ndio mkali kuliko yote: swali hugeuzwa. Badala ya "twende vitani?" linakuwa "unawaunga mkono vijana wetu walioko mstari wa mbele au huwaungi?" Askari wakishavuka mpaka, swali la kwanza huwa limezikwa, na anayelifufua huitwa msaliti au kibaraka wa adui.

Ndiyo maana wanaojua mabunge huangalia kura ya fedha kuliko hotuba. Vita hulipiwa, na katika nchi nyingi malipo hayo lazima yapite bungeni kama bajeti ya nyongeza au mkopo wa vita. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani iliomba marki milioni 29 za ziada kwa ajili ya vita vyake vya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Namibia, ambako Waherero na Wanama walikuwa wakiangamizwa. Wabunge wa chama cha kisoshalisti cha SPD na wale wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum walikataa, na tarehe 13 Desemba 1906 ombi hilo likaanguka. Kansela Bernhard von Bülow akalivunja Bunge siku hiyo hiyo. Katika uchaguzi wa Januari 1907 SPD ilishuka kutoka viti 81 hadi 43, ingawa jumla ya kura zake iliongezeka. Mfumo wa duru mbili uliiponza: vyama vya kihafidhina na vya kiliberali viliungana dhidi yake katika duru ya pili.

Viongozi wengi wa chama walilichukulia hilo kama onyo. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Agosti 1914, wabunge wa SPD walikutana faragha kuamua kama waidhinishe mikopo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walioafiki walikuwa 78, waliopinga 14. Kesho yake wote wakapiga kura ya ndiyo, kwa sababu nidhamu ya chama ilidai sauti moja. Tamko la kuunga mkono lilisomwa na Hugo Haase, mwenyekiti mwenza, ambaye ndani ya kikao alikuwa miongoni mwa wale 14. Karl Liebknecht naye alikuwa mmoja wao, naye pia alifuata nidhamu siku hiyo. Tarehe 2 Desemba 1914, mkopo wa pili ulipoletwa, Liebknecht peke yake akakataa. Aliitwa jeshini mwanzoni mwa 1915, akakamatwa kwenye maandamano ya tarehe 1 Mei 1916 mjini Berlin, akafungwa. Lakini Desemba 1915 wabunge wa SPD waliopiga kura ya hapana walikuwa tayari 20. Hiyo ndiyo kazi ya kura ya kwanza, hata ikiwa moja dhidi ya bunge zima: haivizuii vita, ila wa pili na wa tatu hawatakuwa tena wa kwanza.

Kujizuia kupiga kura kuko katikati, na si lazima kuwe woga. Julai 1870 August Bebel na Wilhelm Liebknecht, babake Karl, walijizuia kwenye mkopo wa vita dhidi ya Ufaransa, kwa sababu hawakutaka kumuunga mkono Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, wala Napoleon III, mfalme wa Ufaransa. Vita vilipogeuka kuwa vya kunyakua ardhi, wakapiga kura ya hapana. Walikamatwa Desemba mwaka huo, na mwaka 1872 wakahukumiwa kifungo cha miaka miwili ngomeni. Kujizuia kwao kulieleweka kwa sababu walitoa maelezo siku ile ile. Anayejizuia bila maelezo, au anayejikuta yuko safarini siku ya kura, huyo amejificha.

Kwa waziri, chombo ni kujiuzulu, na thamani yake iko kwenye kalenda. Robin Cook, kiongozi wa shughuli za serikali katika Bunge la Uingereza, alijiuzulu tarehe 17 Machi 2003 na kueleza sababu zake bungeni jioni hiyo, mkesha wa kura ya Iraq. Alisema huenda Iraq haikuwa na silaha za maangamizi kwa maana ya kawaida ya maneno hayo, akahoji kwa nini sasa iwe haraka kumaliza jambo lililodumu miaka mingi. Kesho yake wabunge 139 wa chama chake cha Labour waliunga mkono marekebisho ya kupinga vita, ambayo yalishindwa kwa 396 kwa 217. Hoja ya serikali ikapita kwa 412 kwa 149. Mwenzake barazani, Clare Short, alikuwa ametishia kujiuzulu lakini akabaki hadi Mei. Alipoondoka, Baghdad ilikuwa imeshaanguka na hakukuwa na kura ya kubadili. Sababu zao zilikaribiana, ila wiki nane zilitosha kuziweka hatua zao kwenye mizani tofauti.

Gharama yenyewe haifanani mahali popote. John Bright, mbunge wa Uingereza aliyepinga Vita vya Crimea, alipoteza kiti chake cha Manchester mwaka 1857. Mbunge mwingine wa Uingereza, David Lloyd George, alipokwenda Birmingham Desemba 1901 kupinga Vita vya Makaburu, umati ulivamia ukumbi na ikabidi atoroshwe akiwa amevaa sare ya polisi. Jean Jaurès, kiongozi wa wasoshalisti wa Ufaransa, aliuawa kwa risasi Paris tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya vita alivyokuwa akijaribu kuvizuia, na mwaka 1919 muuaji wake aliachiwa huru na mahakama. Nchini Urusi, Alexei Gorinov, diwani wa wilaya moja ya Moscow, alihukumiwa miaka saba gerezani Julai 2022 kwa maneno aliyoyasema kwenye kikao cha baraza lake kuhusu vita vya Ukraine. Diwani hana uwezo wowote wa kusimamisha jeshi. Ukitaka kupima ujasiri, basi, usilinganishe vyeo. Linganisha kile ambacho mtu angeweza kunyang'anywa.

Hapo jina la Barbara Lee, mbunge wa Marekani, linahitaji uangalifu. Tarehe 14 Septemba 2001 alikuwa mbunge pekee aliyekataa kumpa rais idhini ya kutumia nguvu dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11, kwa kura 420 kwa 1, na Seneti ilipitisha bila pingamizi. Alitishiwa kuuawa, akawekewa ulinzi. Jimbo lake la Oakland, California, lilimrudisha kwa urahisi mwaka uliofuata, kwa hiyo kiti hakikuwa hatarini kama maisha yake. Aidha, hakudai kwamba walioishambulia Marekani waachwe. Hoja yake ilihusu upana wa maandishi: sentensi ya idhini ina maneno 60, haitaji nchi wala tarehe ya mwisho. Marais wa vyama vyote viwili waliendelea kuitumia kwa zaidi ya miaka ishirini, katika nchi ambazo hakuna mbunge aliyeziwaza siku ile.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: ujasiri na usahihi havikai nyumba moja daima. Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye Bunge la Marekani, alikataa vita mwaka 1917 pamoja na wawakilishi wengine 49. Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, alikataa tena, safari hii peke yake dhidi ya 388, na akalazimika kujifungia kwenye kibanda cha simu hadi polisi walipomsindikiza. Wachache leo watasema kura ile ya pili ilikuwa sahihi. Bado ilikuwa ya kijasiri. Rankin alikuwa mpinga vita vyote. Lloyd George hakuwa, ndiyo maana mtu aliyevipinga vita vya 1901 aliongoza vita vingine akiwa waziri mkuu kuanzia Desemba 1916. Hakuna unafiki hapo. Alipinga vita fulani kwa sababu fulani.

Anayetaka kumpima mwanasiasa wake mwenyewe aanze na tarehe ya uamuzi, si tarehe ya hotuba. Kisha atafute orodha ya majina ya kura. Hapa ndipo wengi hukwama: mabunge mengi huamua kwa sauti, spika anauliza wanaoafiki, ukumbi unanguruma "ndiyo", na Hansard haimwonyeshi nani alinyamaza. Ikiwa hakuna aliyedai kura ya majina, hilo lenyewe ni habari. Baada ya hapo afuatilie kura za fedha za miaka miwili iliyofuata, maana wapo waliokataa azimio kisha wakaidhinisha kila shilingi. Aangalie pia kama mtu huyo alipinga vita, au alipinga tu namna vinavyoendeshwa. Anayelalamika kwamba mizinga ni michache hajapinga vita. Na aangalie nani alikuwa madarakani. Anayepinga vita vya rais wa chama kingine tu amefanya kazi ya kawaida ya upinzani.

Wanaogeuka baadaye nao wasitupwe jalalani. John Murtha, mbunge wa Marekani na mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha Marine, aliidhinisha vita vya Iraq mwaka 2002, kisha Novemba 2005 akataka majeshi yaondolewe. Hatari kwake ilikuwa ndogo kuliko ya waliokataa mwanzoni, lakini ilikuwa vigumu kumwita mwoga, na kwa hiyo maneno yake yalifika kwa watu ambao wapinzani wa zamani hawakuwafikia.

Sheria inaweza kupunguza mzigo huu kwa kuwalazimisha wote kupiga kura. Marekani ilijaribu mwaka 1973: rais anatakiwa kulitaarifu Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi kwenye mapigano, na bila idhini yake mapigano yakome baada ya siku 60, pamoja na 30 za kuondoa majeshi. Mwaka 2011 serikali ya Barack Obama ilipita pembeni kwa kudai kwamba mashambulizi ya anga nchini Libya hayakufikia kiwango cha "uhasama" kinachotajwa na sheria. Uingereza haina sheria kama hiyo. Kuamuru vita ni mamlaka ya serikali, na kura ya 2003 ilikuwa hiari. Lakini hiari hiyo iliacha mazoea. Tarehe 29 Agosti 2013 David Cameron alipeleka bungeni hoja ya kuishambulia Syria, wabunge 30 wa chama chake cha Conservative wakaungana na upinzani, na hoja ikaanguka kwa 285 kwa 272. Uingereza haikuishambulia Syria wakati huo, na majina mengi kati ya yale 30 hayatajwi popote nje ya orodha ya kura.