Maana ya "ndege iliyoundwa nchini"

Kila yanapokuja maonyesho makubwa ya anga, neno "kuunda" linabebeshwa mzigo usio wake. Ndege imefika ndani ya kontena, imefungwa mabawa na mafundi wa hapa, na tunaambiwa imeundwa nchini. Karakana inayokagua injini na kubadilisha matairi inaitwa kiwanda cha kutengeneza ndege. Mfano uliosimamishwa ukumbini ili wageni wapige nao picha unaitwa ndege mpya. Ni mambo matatu mbalimbali, na Kiswahili kina namna ya kuyatenga bila kuazima chochote.

Maana yenyewe ni fupi. Ndege imeundwa nchini ikiwa usanifu wake uko mikononi mwa taasisi ya nchi hiyo na kiunzi chake, yaani mifupa yake, kimefanywa hapo. Imezalishwa kwa leseni ikiwa kiunzi kimefanywa hapo kwa michoro ya mtu mwingine. Imeunganishwa ikiwa sehemu zimekuja zikiwa tayari na kazi ya hapa ni kuzifunga, kuzirekebisha na kuzijaribu. Tatizo liko kwenye vitenzi.

"Kutengeneza" ndicho kinachopotosha zaidi. Kiini chake ni kutengenea, yaani kuwa sawa, kukaa katika utaratibu wake. Anayetengeneza kitu anakifanya kitengenee. Ndiyo maana tunatengeneza baiskeli iliyoharibika na tunatengeneza nywele. Baadaye kitenzi kikapewa na maana ya kufanya kitu kipya: kutengeneza sabuni, kutengeneza viatu. Kwenye sabuni hakuna hasara, kwa sababu hakuna anayepeleka sabuni kwa fundi. Kwenye ndege hasara ipo. Ukisoma "kiwanda cha kutengeneza ndege" huwezi kujua kama ndege huzaliwa humo au hutibiwa humo, na kisheria kazi hizo zina vibali tofauti, wakaguzi tofauti na vitabu tofauti. Mahali pa kutibia ndege paitwe karakana ya matengenezo. Hapo jina linatosha na linaheshimika.

"Kuunda" ni neno la pwani, la mafundi wa vyombo. Nungwi na Lamu jahazi haijengwi wala haitengenezwi, inaundwa. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, unalazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yanachongwa yafuate umbo la chombo, mbao zinapigiliwa juu yake. Kutokana na kitenzi hicho tukapata "kiunzi", kwa mabadiliko yaleyale ya sauti yanayotoa mlinzi katika linda na mpenzi katika penda. Kiunzi ndicho kile kinachobaki machoni ukiondoa mbao za nje: mifupa ya chombo. Ndege nayo ina mifupa: mihimili ya urefu, mbavu za bawa, pete za kiwiliwili, kisha ngozi juu yake. Fundi wa jahazi akiingizwa ndani ya bawa lililo wazi atayatambua mataruma yake bila kuambiwa. Kwa hiyo kusema "kuunda ndege" ni kusema umefanya kiunzi. Ndilo dai lililomo ndani ya neno lenyewe.

"Kuunganisha" linatoka kwa jirani anayefanana naye kwa sura tu. Mzizi ni unga: kuunga mfupa, kuunga kamba, hata kuunga mchuzi. Ukiongeza -ana vitu vinaungana, ukiongeza kisababishi unaviunganisha. Zao lake ni "kiungo", palipo na mkutano wa sehemu mbili zilizokuwapo tayari. Unda huleta kiunzi, unga huleta kiungo. Herufi moja inatenganisha vitenzi hivi, na kati yake kuna kiwanda kizima.

Ni vizuri kukiona kiwanda hicho kwa karibu, kupitia kitu kidogo kabisa: ribiti, kijimsumari kinachopitishwa kwenye tundu la mabati mawili na kupigwa upande wa pili kipate kichwa kipya cha kuyabana. Chukua ribiti ya alumini yenye kipenyo cha milimita 3.2, ya kawaida kwenye ngozi ya ndege ndogo. Tundu lake liwe mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo, yaani milimita 6.4, likisogea zaidi ukingoni, bati litachanika kuanzia hapo. Vinyuzi vya chuma vilivyobaki kwenye mdomo wa tundu vinakwanguliwa, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio mwanzo wa ufa. Ribiti ichomoze upande wa pili mara moja na nusu ya kipenyo, kama milimita 4.8. Ikishapigwa, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Ikipigwa kidogo inalegea, ikipigwa mno kichwa kinapasuka na bati linatanuka likaacha kukaa sawa na mwenzake.

Ribiti nzito zaidi, za mchanganyiko wa alumini uitwao aloi 2024, zina sharti jingine. Zinapashwa joto hadi karibu nyuzi 493 za Selsiasi, zinazamishwa majini, kisha zinawekwa kwenye friza. Zikitolewa kwenye baridi zinaanza kuwa ngumu, na fundi ana dakika kama 10 za kuzipiga. Zilizochelewa zinarudi kwenye tanuri. Kwenye bawa moja kuna maelfu ya ribiti.

Bawa la nyuzi za kaboni halina ribiti nyingi hivyo, lakini lina ukali wake. Vitambaa vilivyolowa gundi vinahifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila saa vinayokaa nje ya friza inaandikwa, kwa sababu gundi inaendelea kukomaa polepole. Tabaka zinapangwa kwa mielekeo iliyohesabiwa, zinafungwa ndani ya mfuko usio na hewa, zinaokwa chini ya mgandamizo kwa nyuzi kama 180. Kijitundu cha hewa kilichobaki kati ya tabaka hakionekani kwa jicho wala kwa kidole. Kinatafutwa kwa mawimbi ya sauti, na kikipatikana kikubwa kupita kiasi, kipande chote kinatupwa.

Anayeunganisha hakutani na hayo. Bawa linamfikia limekwisha kupigwa ribiti au kuokwa. Haina maana kwamba kazi yake ni nyepesi. Anafunga boliti kuu za bawa kwa nguvu iliyoandikwa, si kwa kukisia. Anapima mkazo wa nyaya za usukani, anapima ndege juu ya mizani tatu ili kupata kitovu cha uzito, anakagua mfumo wa mafuta kama unavuja, anawasha injini ardhini kabla ya rubani kupanda. Kosa linaloua katika hatua hii ni nyaya kufungwa kinyume. Usukani ukielekezwa kulia, eleroni ya bawa la kulia, yaani kibao kinachochezacheza nyuma ya bawa, lazima ipande na ya kushoto ishuke. Zikienda kinyume, rubani ataligundua hilo akiwa angani. Ndiyo maana mtu wa pili, ambaye hakushiriki kufunga, hukagua upya kabla ya sahihi kuwekwa. Kuunganisha ni ufundi kamili, wenye jina lake.

India ndiyo inayofundisha tofauti hii vizuri, kwa sababu imepita katika ngazi zote na huzionyesha pamoja. Maonyesho yake ya Aero India yalianza 1996 na hufanyika kila baada ya miaka miwili katika kambi ya jeshi la anga ya Yelahanka, nje kidogo ya Bengaluru. Ya 15 yalikuwa Februari 2025.

Tazama ndege ya kivita ya Su-30MKI. Mkataba wa mwaka 2000 uliiruhusu kampuni ya serikali ya HAL kuzalisha ndege 140 huko Nashik kwa leseni ya Urusi. Kazi ilipangwa kwa hatua: kwanza sehemu kubwa zilizokuja tayari, kisha vipande vidogo zaidi, mwishowe kuanzia malighafi. Katika hatua ya mwisho mafundi wa Nashik walikuwa wanafanya kiunzi hasa. Usanifu uliendelea kuwa wa Sukhoi, kampuni ya Urusi. Hiyo ni kuzalisha kwa leseni, na iko juu mno ya kuunganisha.

C-295, ndege ya mizigo na askari ya kampuni ya Airbus, imepanda njia nyingine. Mkataba wa Septemba 2021 ni wa ndege 56: za kwanza 16 zilitoka Sevilla, Hispania, na 40 zinafanywa na kampuni ya Kihindi ya Tata huko Vadodara, katika kiwanda kilichozinduliwa Oktoba 2024. Serikali ya India ilitangaza kwamba vipande 13,400, mikusanyiko midogo 4,600 na sehemu kuu zote 7 za kiunzi vitafanywa nchini. Tangazo hilohilo likasema wazi kwamba injini, miguu ya kutua na vifaa vya elektroniki vitaletwa na Airbus. Hapa ndipo asilimia zinapochezewa. Ukihesabu vipande, karibu ndege yote ni ya India. Ukihesabu fedha, sura inabadilika, kwa kuwa injini mbili za Pratt & Whitney Canada zina thamani isiyolingana na idadi yake. Mtu akikutajia asilimia ya "sehemu za ndani", muulize anahesabu nini: vipande, uzito au fedha.

Tejas, ndege ya kivita, ndiyo iliyoundwa. Wakala wake wa usanifu, ADA, ulianzishwa 1984, ndege ikaruka mara ya kwanza tarehe 4 Januari 2001, na HAL ndiyo inayoizalisha. India inaweza kuhamisha tundu, kubadilisha rada au kuongeza silaha bila kupiga hodi kwa msanifu wa nje. Injini ni habari nyingine. Ile ya nyumbani, Kaveri, haikutoa nguvu iliyotakiwa, na mwaka 2008 ikatenganishwa na mradi wa Tejas. Ndege ikabaki na injini ya F404 ya kampuni ya Marekani ya General Electric. Februari 2021, katika Aero India, ulitiwa saini mkataba wa ndege 83, zilizopaswa kuanza kukabidhiwa 2024. Injini ya kwanza kati ya 99 zilizoagizwa mwaka huohuo ilitolewa Machi 2025. Viunzi vilikuwapo, injini hazikuwapo. Miaka 60 kabla, HF-24 Marut, ndege ya kivita ya India iliyoruka kwanza Juni 1961, ilipatwa na jambo hilohilo: kiunzi cha nyumbani kilichobuniwa kwa kasi kubwa, na injini za Orpheus zisizofikia kasi hiyo. Bado tunasema Tejas imeundwa India, kwa sababu jahazi ni la aliyelichonga hata kama tanga limenunuliwa.

Na katika maonyesho ya 2025 watu walipanga foleni mbele ya AMCA, ndege ya kivita inayokusudiwa kukwepa rada. Kile kilikuwa mfano wa ukubwa halisi. Una kazi muhimu ya kuonyesha umbo na mpangilio, ila hauruki, na kuuita "ndege mpya ya India" ni kumpa mtoto jina kabla ya mimba kutimia.

Anayebisha atasema sheria ya kimataifa imempa haki aliyeunganisha. Ana hoja. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataja nchi ya usanifu, nchi ya uzalishaji na nchi ya usajili, na nchi ya uzalishaji ni ile yenye mamlaka juu ya taasisi inayowajibika kwa uunganishaji wa mwisho. Lakini kiambatisho hichohicho kimeitenga nchi ya usanifu, na ukionekana ufa kwenye ubavu wa bawa, macho yote huelekea huko. Mwenye cheti cha aina ya ndege, yaani kibali cha usanifu wake, ndiye anayekokotoa kama ufa unavumilika, anayeandika namna ya kuuziba, na mamlaka ya nchi yake ndiyo inayotoa agizo la lazima linalofuatwa na wengine. Kiwanda cha kuunganisha husubiri karatasi kama anavyosubiri mwenye ndege.

Ushahidi wa usanifu ni wa nani huhitaji kuutafuta mbali. Kwenye ndege ya kweli pameshindiliwa kibati cha chuma kisichoungua kwa urahisi. Husomwa mzalishaji, modeli na namba ya mfululizo, na mara nyingi namba ya cheti cha aina. Namba ya cheti ikiwa imetolewa na mamlaka ya nchi nyingine, usanifu ni wa huko, hata kama mlango umepakwa bendera yetu.

Morogoro kuna kampuni inayounganisha Skyleader, ndege ndogo za watu wawili zenye usanifu wa Jamhuri ya Czech na injini za Rotax za Austria. Kuna vijana pale wanaojua mkazo wa waya wa usukani na mizani tatu za kitovu cha uzito, ujuzi ambao Tanzania ilikuwa nao kwa uchache sana. Unapoiandika habari yao, andika kwamba ndege imeunganishwa Morogoro. Neno "imeundwa" wawekee akiba. Siku watakapolaza mkuku wa ndege ya michoro yao wenyewe watalihitaji likiwa bado na maana yake.