Mtoto wa mbwa akiharisha, mtazame yeye kabla ya kinyesi

Simu nyingi za jioni zinazoingia kliniki yetu hapa Nairobi huanza hivi: "Daktari, kajibwa kanaharisha, nikape nini?" Nami hujibu kwa swali: kanacheza? Kakikuona kanatingisha mkia? Anayepiga huwa ameshajiandaa kunieleza rangi ya kinyesi. Rangi nitaiuliza, ila baadaye.

Anayeharisha huku akitafuna kamba za viatu, mara nyingi amekula kitu kisichomfaa. Maziwa ya pakiti ndiyo yanaongoza. Watu humpa kwa huruma, hasa yule aliyenunuliwa kando ya barabara kabla hajatimiza wiki sita. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko ya mama yake, na ile isiyomeng'enywa huvuta maji ndani ya utumbo. Baada ya maziwa kuna mabaki ya githeri, ngozi ya kuku, mifupa ya nyama choma, na chakula kubadilishwa ghafla siku ile ile alipohama kwao.

Huyo mwondolee maziwa. Mchemshie kuku asiye na ngozi wala mifupa, kikombe kimoja kwa viwili vya wali laini, bila chumvi, kitunguu wala mchuzi wa pakiti. Mpe kidogo kidogo, mara tano kwa siku, na maji safi yawe karibu. Usimshindishe njaa. Ushauri wa kumnyima chakula ni wa mbwa mkubwa. Huyu mdogo huishiwa sukari mwilini upesi, akaanza kutetemeka na kulegea. Saa 24 zikipita bila nafuu, mlete.

Minyoo nayo isisahaulike, hata kama kwako kunang'aa. Minyoo mviringo humwingia mtoto angali tumboni mwa mamake, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mayai yake huambukiza watoto wetu pia. Okota kinyesi uani kabla hawajatoka kucheza.

Sasa yule mwingine. Amejikunyata kwenye kona, hataki hata kunusa chakula, anatapika, na choo chake ni maji yenye damu na harufu inayokutangulia mlangoni. Kama hajamaliza chanjo, mimi hufikiria parvo kabla ya kitu kingine chochote. Kirusi hiki kilijulikana mwaka 1978 na kikaenea duniani ndani ya miaka michache. Hushambulia ukuta wa utumbo na chembe za kinga, na mara nyingi kinachomuua ni kupoteza maji, pamoja na bakteria wanaopenya kutoka utumboni kuingia kwenye damu.

Inua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Weupe unapaswa kurudi kuwa waridi kabla ya sekunde mbili. Ufizi ukinata kama gundi, au ngozi ya mgongoni ukiivuta inabaki imesimama, hapo hakuna "tungoje hadi kesho asubuhi". Anahitaji maji ya mshipa. Kumnywesha kwa nguvu huku anatapika kunaweza kuyapeleka mapafuni.

Dawa zako za kabatini ziache huko huko. Vidonge vya maumivu kama ibuprofen, diclofenac na paracetamol vinaweza kumuua, na za kufunga tumbo huzuia kutoka kile ambacho mwili unajaribu kukitoa. Nimewapokea wengi waliochelewa siku mbili nzima kwa ajili ya kidonge kilichokatwa nusu.

Chanjo ya parvo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, ikarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Moja haitoshi, kwa sababu kinga ya mama iliyobaki mwilini inaweza kuibatilisha. Kirusi chenyewe hukaa udongoni miezi mingi na sabuni ya kawaida hakiijali. Sakafu ioshwe kwanza, kisha ipakwe Jik, sehemu moja kwa 20 za maji, ikae dakika kumi.

Ukimleta, chukua kinyesi kidogo kwenye chupa safi na kadi yake ya chanjo. Usimshushe chini kwenye chumba cha kusubiri. Mwache ndani ya katoni, hata kama mmekuja kwa boda boda, utuite tuje kumwona hapo nje.