Kabla ya kulaumu sheli, tazama sindano ya joto

Wiki iliyopita maalim mmoja wa skuli aliniletea Noah yake ya zamani hapa gereji, Chake Chake. "Fundi, hii gari yanimaliza," akanambia. "Natia mafuta Jumatatu, Alkhamis sina kitu." Alikwisha kubadilisha plagi, kusafisha chujio la hewa na kuhama sheli. Wapi!

Sikushika spana. Nilimwambia, "Maalim, twende Mtambile turudi." Tulipanda vilima vyote vile, na sindano ya joto pale kwenye dashibodi haikufika hata robo. Gari ilipopoa nikafungua panapokaa temostati, pakawa patupu. Fundi aliyetangulia kaitoa "ili gari isichemshe".

Nami nilipoanza kazi nilifundishwa hivyo hivyo, na nilizitoa nyingi. Leo naumia nikikumbuka, kwani wenye gari zile walilipia kosa langu kila walipokwenda kutia mafuta.

Temostati ni mlango. Ndani yake mna nta inayotanuka ikipata moto, na kwenye Toyota nyingi hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo inayazuia yasende kwenye rejeta, injini ipate moto haraka. Ukiitoa, maji yanazunguka na kupoa tangu mwanzo. Kompyuta ya gari inasoma joto la maji, inaona injini bado baridi, basi inazidisha petroli. Itazidisha hivyo safari nzima. Na gari ikichemsha, ugonjwa uko kwingine: rejeta imeziba, feni haizunguki, au mfuniko haushiki. Tibu hapo.

Ukitaka kujua kama temostati ni nzima, ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, usiiache iguse chini. Ile nzima utaiona inafunguka taratibu kabla maji hayajatokota, na ukiitoa inajifunga.

Chujio la hewa nalo watu wanalilaumu mno. Kwenye gari za kabureta za zamani, likiziba lilikuwa linakula mafuta kweli. Kwenye gari za injekta, zinazopuliza mafuta badala ya kabureta, kompyuta inapima hewa na kupunguza petroli kwa kiasi chake. Utakalolihisi ni gari kukosa nguvu. Libadilishe kwa ajili ya injini.

Sasa vilima vyetu. Ninaona vijana wakifika juu ya mlima wanatia nyutro, gari iteremke "bure". Si bure. Kwenye nyutro injini lazima ichome mafuta isizimike. Ukiiacha kwenye gia na kunyanyua mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke. Tena gia inakushikia gari, breki hazipati moto. Kuzima injini kwenye mteremko ndiyo hatari zaidi: breki zinakuwa nzito, na usukani nao.

Gari za pwani, hasa zinazobeba samaki, chumvi inakula pini za breki. Pedi inabaki inasugua sahani hata ukiachia pedali, na injini inavuta gari iliyofungwa breki nusu. Ukisimama baada ya safari, dondoshea maji kidogo kwenye rimu za mbele, kisha za nyuma, kulia na kushoto. Inayolia "chss" peke yake ina tatizo.

Upepo wa tairi pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Na pima ulaji wenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ikate, rudisha mita ya safari sifuri, endesha, kisha jaza tena sheli ile ile. Gawa kilomita kwa lita ulizotia.

Maalim alianza na kilomita 8 kwa lita. Tulipotia temostati mpya akapata 9 na kidogo. Sehemu ya nafuu hiyo ni ya tairi, maana tulizijaza pia: upepo wake ulikuwa PSI 24 badala ya 33. Gurudumu la nyuma kushoto bado lina moto, na keshokutwa ananiletea tulifungue.