Fungu la uchumi na utalii: kwa nini majimbo ya Afrika Kusini hulikata kwanza

Fungu ni sehemu ya bajeti iliyotengewa idara moja, nalo hujadiliwa na kupitishwa bungeni kivyake, mbali na mafungu mengine. Nchini Afrika Kusini kila jimbo kati ya majimbo 9 lina mafungu yake, na katika baadhi, kama Mpumalanga na Northern Cape, maendeleo ya uchumi na utalii yako chini ya idara moja. Waziri wa jimbo husimama bungeni, husoma makadirio, na wabunge huamua. Hali ikiwa ngumu, fungu hili hurudi likiwa limepungua kabla ya mengine, na sababu inaanzia mbali na idara yenyewe.

Jimbo halina kodi zake za maana. Katiba ya mwaka 1996, kifungu cha 228, inalikataza kutoza kodi ya mapato, VAT, kodi ya majengo na ushuru wa forodha. Linabaki na ada za leseni za magari, kodi za kasino na kamari, leseni za pombe na malipo ya hospitali. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake hutoka serikali kuu, nyingi zikija kama mgao wa haki unaotajwa katika kifungu cha 214.

Mgao huo hugawanywa kwa kanuni ya hesabu. Kwa miaka mingi elimu imebeba uzito wa asilimia 48, afya 27, idadi ya watu 16, gharama za kuendesha taasisi 5, umaskini 3, na shughuli za uchumi 1. Uzito huu huamua kila jimbo lipate kiasi gani. Haulilazimishi kutumia fedha kwa uwiano huohuo, na hapo wengi huchanganya.

Itazame hiyo asilimia 1. Jimbo likivuta wageni, hoteli zikajaa na vijana wakapata kazi, VAT na kodi ya mapato huenda serikali kuu, Pretoria, na sehemu ndogo tu hurudi kwa sababu uchumi wa jimbo umekua. Wananchi wananufaika kweli, lakini hazina ya jimbo haioni matunda hayo kwenye vitabu vyake. Kwangu mimi huu ndio udhaifu mkubwa wa mpangilio wote: ofisi inayopaswa kukuza uchumi haina namna ya kuonyesha kwamba randi iliyopewa imerudi.

Upande wa pili kuna mishahara. Walimu na wauguzi hulipwa na jimbo, lakini nyongeza yao hujadiliwa kitaifa. Mwaka 2023 ilikubaliwa nyongeza ya asilimia 7.5, na majimbo yakalazimika kubana kwingine ili kuilipa. Darasa halifungwi na wodi haifungwi. Tangazo la utalii, semina ya wafanyabiashara wadogo au mkopo kwa ushirika huahirishwa bila mtu kuandamana.

Ukata wa mwaka 2020 uliyaweka haya wazi. Mwaka wa fedha wa majimbo huanza Aprili 1, na nchi ilifungwa mwishoni mwa Machi. Makadirio yalipitwa na wakati kabla hayajaanza kutumika. Watalii wa kigeni walishuka kutoka zaidi ya milioni 10 mwaka 2019 hadi chini ya milioni 3. Juni 24, Waziri wa Fedha Tito Mboweni alisoma bajeti ya marekebisho, na majimbo yakahamishia fedha kwenye afya. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila waongoza watalii na wenye nyumba za wageni wengi hawakupata msaada wa kutosha wakati walipouhitaji zaidi.

Anayetaka kulisoma fungu hili asiishie kwenye jumla. Sehemu kubwa mara nyingi hupita tu idarani na kwenda kwa mashirika ya umma kama ruzuku. Western Cape ina Wesgro, shirika la kukuza utalii, biashara na uwekezaji; Mpumalanga ina shirika lake la utalii na hifadhi. Ruzuku ikikatwa, shirika hulipa mishahara kwanza, na kinachobaki cha kutangaza vivutio au kutengeneza njia za hifadhini hupungua zaidi ya asilimia iliyotajwa bungeni. Kisha angojee bajeti ya marekebisho katikati ya mwaka, maana fedha zilizopitishwa mwanzoni huweza kuhamishwa huko.